Kutoka Kitanda cha Kamba hadi Benchi la Sebuleni: Namna ya Kubuni Samani Zinazounganisha Ukale na Usasa

Ukiingia uani katika baadhi ya nyumba za zamani za Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Kivinje, utakikuta kitanda cha kamba kimeegemezwa ukutani, kamba zake zimekatika upande wa mchago, nacho kinangoja mwenyewe aamue kama ni kuni au ni mali. Sebuleni katika nyumba hiyohiyo, utakuta makochi mapana yaliyovikwa ngozi bandia, ambayo kwa joto la Mtwara la mwezi Januari humfanya mgeni anyanyuke na shati limegandamana na mgongo. Mwongozo huu unahusu nafasi iliyopo baina ya uani na sebuleni. Unaeleza jinsi ya kuchukua kilicho bora katika samani za kale za pwani yetu ya kusini na kukitia katika samani inayofaa nyumba ya leo yenye sakafu ya vigae, bila kutengeneza nakala ya makumbusho na bila kubandika urembo wa kizamani juu ya sanduku la kisasa.

Niseme msimamo wangu mapema, kwa sababu maelekezo yote yanayofuata yanatokana nao. Kitu cha kuazima kutoka kwa samani ya kale ni mifupa yake, yaani vipimo, viungo na namna inavyobeba uzito, na nakshi ije baadaye ikiwa kuna haja. Mafundi wengi huanza na nakshi. Matokeo yake ni stendi ya televisheni yenye maua yaliyoigwa kwenye mlango wa Kiswahili, yakiwa yamechongwa haraka juu ya ubao mwembamba ambao haukuumbwa kubeba mchongo wowote.

Pima kwanza, chora baadaye

Njia hii ina watu walioijaribu mbali na hapa. Nchini Denmark, Kaare Klint alianza mwaka 1924 kufundisha ubunifu wa samani katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme cha Copenhagen, na moja ya kazi alizowapa wanafunzi wake ni kupima samani za zamani kwa makini ili waelewe kwa nini kiti fulani kimedumu na kinakalika. Mwenzao wa kizazi kilichofuata, Hans Wegner, alivitazama viti vya Kichina vya enzi ya Ming vyenye mgongo wa duara, akavipunguza hatua kwa hatua, hadi mwaka 1949 alipobuni kile kiti chenye mgongo wa umbo la herufi Y ambacho kinauzwa mpaka leo. Hakuna joka wala ua la Kichina juu yake. Kilichobaki ni mkunjo wa mgongo na mikono, na kikalio kilichosukwa kwa kamba ya karatasi inayokaribia urefu wa mita 120. Ninaitaja kamba hiyo kwa makusudi, kwa maana sisi tuna usukaji wetu wa vikalio na vitanda, na wengi wetu tunauona kama ishara ya umaskini.

Basi chukua futi kamba, daftari na penseli, uende kwenye kitanda cha kamba. Ukifika piga hodi, amkia, kaa, eleza shida yako. Kupima kitu cha mtu bila kuzungumza naye ni utovu wa adabu, na zaidi ya hapo utakosa maelezo ambayo kipimo hakiyatoi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti Mikindani nikihesabu kamba, bibi mwenye kitanda akaniambia, “Mjukuu wangu, mbona unahangaika na katikati? Kamba haikatikii katikati, inakatikia pembeni hapo, panapokwaruza.” Nikapapasa. Mifumbati yote miwili ilikuwa imeviringwa upande wa juu na wa nje ikawa laini kama mpini wa jembe, isipokuwa mahali pamoja ambapo fundi aliacha pembe kali, na hapo ndipo kamba zote zilipokuwa zimekatika. Jambo hilo moja limeniokolea kamba nyingi.

Andika kila sehemu kwa jina lake, kwani majina yenyewe yanaonyesha kazi. Tendegu ni mguu. Angalia unene wake juu na chini, na kama umekerezwa, chora mapindo yake yote. Mfumbati ni ubao wa ubavuni unaokwenda kwa urefu, na kitakizo ni ule mfupi wa kichwani na miguuni. Pima unene wa mlalo na kimo cha kila kimoja, umbali kutoka sakafuni, umbali kati ya kamba na kamba, na namna ulimi wa mfumbati unavyoingia katika tundu la tendegu. Ukibahatika kukiona kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha heshima chenye mgongo na kikalio cha kusukwa ambacho hukaa zaidi katika makumbusho na nyumba kubwa za Lamu, Mombasa na Unguja, kipime pia, lakini kumbuka kwamba kiliundwa ili mwenye cheo aonekane ameketi wima. Mgongo wake umenyooka mno kwa mtu anayetaka kutazama mpira kwa saa mbili.

Majengo nayo ni madaftari. Boma la Mikindani, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895, na nyumba za mawe zilizolizunguka zitakufundisha uwiano wa milango na roshani. Nyumba za kale za mawe na chokaa zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti hazikuweza kuvuka upana mkubwa, aghalabu chini ya mita 3. Samani za vyumba hivyo zilikaa kando ya ukuta, zikaacha njia katikati. Baraza la nje halikuwa na mgongo, maana ukuta ulikuwa ndio mgongo wake. Sebule nyingi tunazojenga leo Mtwara mjini si pana sana kushinda hizo, ila tunazijaza samani zilizokusudiwa kumbi za watu wengine.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Usinunue mlango wa kale ili uulaze uwe meza ya kioo, hata kama umeona picha nzuri ya meza kama hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inailinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, na hata pasingekuwa na sheria, nyumba iliyong'olewa mlango wake Kivinje haipati mwingine wa aina ile. Pima, piga picha, uuache mahali pake.

Amua kimoja kitakachosema

Baada ya kupima utakuwa na mambo mengi ya kuvutia kuliko samani moja inavyoweza kubeba. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila samani ichukue jambo moja la kale, nalo lionekane wazi, na yote yaliyobaki yawe ya leo na yawe kimya. Kama umechagua kikalio cha kusukwa, miguu iwe mitupu. Kama umechagua matendegu ya kukerezwa, ubao wa juu uwe tambarare bila ukingo wa urembo. Na kama umechagua mfaa, ule mwimo wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili za mlango, uweke mmoja tu kwenye kabati la nguo, uuchonge vizuri kwa kina cha kutosha, na milango ya kabati iwe wazi kabisa pande zote mbili. Mfaa mmoja uliochongwa na mtu anayejua kazi utaheshimika zaidi kuliko kabati zima lililojazwa maua.

Wateja wa Mtwara watakuomba uweke kinyago cha Kimakonde kwenye mguu wa kiti au kwenye mkono wa kochi. Ninawaelewa, kwani uchongaji wa Wamakonde wa Newala, Tandahimba na ng'ambo ya Ruvuma ndio sanaa yetu inayojulikana zaidi duniani. Hata hivyo huwa nakataa. Kinyago kimekamilika peke yake na hakihitaji kochi nyuma yake. Na sura za mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa kichwani, zina uhusiano na jando na ngoma zake, hivyo kuzigeuza kuwa kishikio cha droo ni kuzivunjia heshima. Mteja akisisitiza, mshauri anunue kinyago kwa mchongaji, nawe umtengenezee rafu ya kukiweka.

Kutoka kwa wachongaji hao unaweza kuazima kitu kingine, nacho ni mpingo wenyewe, kwa vipande vidogo. Kiini chake cheusi ni kizito kiasi cha kuzama majini, na kigingi chake chenye unene wa milimita 8 hakivunjiki kwa urahisi. Mpingo hukua polepole mno, zaidi ya miaka 70 kabla haujafaa kuvunwa, kwa hiyo kuunda meza nzima ya mpingo ni ubadhirifu. Vigingi, vishikizo vya droo na vipande vya njumu hutoka katika mabaki ambayo wachongaji huyaacha sakafuni. Anayetaka kuuza nje ya nchi ajue pia kwamba tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Mbao, na meza iliyonifundisha

Kwa samani ya aina hii mninga ni chaguo la kwanza: rangi yake ya kahawia inatulia, unakubali randa, na ukishakauka hauchezi sana. Mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, ni mzito na mgumu zaidi, unafaa miguu na meza kubwa. Mpangapanga una mistari myeusi mizuri, lakini vibanzi vyake ni vikali na huchosha makali ya randa. Mtiki wa mashambani unapatikana na ni mwema, mradi usiuziwe miti michanga ambayo bado ina weupe mwingi. Mnazi hutumika pia, sehemu ya nje tu ya gogo, maana ya ndani ni laini kama kizibo. Mkorosho tunao kila mahali, ila bungua wanaupenda kuliko sisi. Uache kwa ajili ya vibao vya majaribio. Ukinunua, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, vinginevyo mzigo wako unaweza kuishia kizuizini.

Ukavu wa mbao ndio jambo ambalo fundi wa kale alilijua kwa uzoefu na fundi wa sasa hulisahau kwa haraka ya mteja. Kwa mikoa yetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, halafu kusi huvuma na hewa hukauka. Mbao hufuata majira hayo: hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, karibu kabisa kwa upana wake, si kwa urefu. Zipange kivulini, kila ubao ukitenganishwa na mwenzake kwa vijiti vya unene uleule, kisha chagua kipande kimoja na ukipime uzito kila wiki kwenye mizani ya duka. Kikiacha kupungua kwa wiki tatu mfululizo, mbao zako zimeshakubaliana na hewa ya hapa.

Mimi nililijua hilo kwa kulipia. Nilitengeneza meza ya chakula, ubao wa mninga wenye upana wa mita 1 juu ya fremu nyembamba ya bomba za chuma za mraba, mchanganyiko ambao kwenye karatasi ulipendeza sana. Ubao niliukaza kwa skrubu pande zote nne, katika matundu yanayobana. Hiyo ilikuwa Septemba. Mwezi Februari mteja alinipigia simu kwa sauti ya upole, upole ule wa mtu aliyekwisha kasirika, akaniambia kikombe hakisimami katikati ya meza. Ubao ulikuwa umetanuka, haukupata pa kwenda, ukapanda juu kama mgongo wa kobe. Dawa ni rahisi: skrubu za katikati zikazwe barabara, na zile za kingo zipite katika matundu marefu ya sentimita 1.5 yanayofuata upana wa ubao, ili mbao zitembee na chuma kibaki mahali pake. Mafundi wa milango ya kale walilitatua hilo bila skrubu, kwa kuacha paneli ikae huru ndani ya mfereji wa fremu. Paneli yako ya kabati nayo usiitie gundi kwenye mfereji.

Chuma chenyewe kinahitaji tahadhari. Hewa ya bahari ya Shangani hapa Mtwara au ya Lindi mjini hula bomba la chuma kuanzia mahali palipochomelewa, hata kama juu pametakata. Lisugue hadi ling'ae, lipake rangi ya kuzuia kutu mara mbili, likiwemo na tundu la chini la miguu, kisha ndipo upake rangi nyeusi isiyong'aa.

Benchi la kamba la watu watatu

Sasa tufanye kazi moja hadi mwisho. Ninalichagua benchi lisilo na mgongo, la kuwekwa kando ya ukuta kama baraza, kwa sababu linachukua mifupa ya kitanda cha kamba karibu ilivyo na kubadilisha mambo machache tu.

Urefu wake ni sentimita 165, yaani 55 kwa kila mkaaji, na upana ni 48. Kimo cha mifumbati kutoka sakafuni ni sentimita 44. Mtu akikaa, kamba hushuka kiasi cha sentimita 2 hadi 3, na hapo anakuwa kwenye kimo cha kiti cha kawaida. Kitanda cha kale ambacho nilikipima kilikuwa juu zaidi ya hapo, jambo linalofaa kitanda na linalochosha miguu ya anayekaa.

Miguu minne iwe ya mninga au mkongo, sentimita 6 kwa 6 juu. Upande wa nje uachwe wima, na pande mbili za ndani zipunguzwe kwa randa kuanzia chini ya kiungo hadi kufikia sentimita 3.5 sakafuni. Hapa ndipo usasa unapoingia: tendegu la kukerezwa limeondoka na mguu mtupu unaochongoka umechukua nafasi yake, wepesi wa macho ukiongezeka bila nguvu kupungua.

Mifumbati iwe na unene wa mlalo wa sentimita 6 na kimo cha 5.5. Fundi aliyezoea vitanda vya godoro atataka kuigeuza, aweke ubao mwembamba uliosimama, na kwa godoro yuko sahihi. Kwa kamba hayuko sahihi. Kamba zikivutwa, nguvu kubwa huenda upande, mfumbati mmoja ukimvuta mwenzake, kwa hiyo unene wa mlalo ndio unaozuia benchi lisibonyee kiunoni kama namba nane. Viringa upande wa juu na wa nje kwa randa, kisha kwa msasa, kisha funga macho na upitishe kiganja urefu mzima. Ukihisi pembe, kamba nayo itaihisi.

Ulimi wa kila mfumbati na kila kitakizo uwe na unene wa sentimita 2, theluthi moja ya unene wa mbao, na urefu wa 4.5. Kwa kuwa ndimi mbili zinakutana ndani ya mguu mmoja, kata ncha zake kwa nyuzi 45 ili zigusane bila kupigana. Toboa tundu la milimita 8 kupita mguu na ulimi, tia gundi, kisha gongomea kigingi cha mpingo na ukikate sawasawa na uso wa mguu. Vigingi hivyo vinane vyeusi ndio urembo pekee wa benchi zima, navyo vina kazi.

Baina ya mifumbati weka mataruma mawili, yaani mbao za kukingama, moja kwenye sentimita 55 na jingine kwenye 110, mahali ambapo wakaaji hupakana. Kitanda cha kamba cha zamani hakikuwa nayo, na ndiyo maana vingi vimebonyea. Kila taruma liingie katika mfumbati kwa ulimi, kisha katikati likatwe lishuke kama tumbo la mtumbwi, ili sehemu yake ya katikati iwe chini ya kamba kwa sentimita 5 au zaidi. Ukiliacha limenyooka, mgeni wa kwanza mwenye mwili atalikalia, na utasikia maoni yake.

Kisha kamba. Zipo za makumbi ya nazi, zipo za milala, na zipo za katani, zao ambalo mashamba ya Lindi yalijulikana kwalo. Makumbi hustahimili unyevu lakini hukwaruza mapaja. Milala ni laini ila huchakaa mapema. Kwa sebuleni nachagua katani ya milimita 6 iliyosokotwa vizuri. Kamba mpya hurefuka, kwa hiyo itundike usiku kucha kwenye boriti ikiwa imefungwa ndoo ya mchanga, fungu kwa fungu, kabla ya kuitumia.

Anza kuwamba kwa upana. Funga ncha kwenye taruma, pitisha kamba juu hadi mfumbati wa pili, izungushe, irudishe kwa chini, na uendelee hivyo ukiacha sentimita 3 baina ya mzunguko na mzunguko. Kila baada ya mizunguko mitano bana kamba kwa kigingi cha muda na urudi kuikaza mmoja baada ya mwingine, kwa maana mkono huchoka na mtu hajijui. Ukimaliza, gonga kamba kwa kidole katikati: zote zitoe mlio unaofanana. Halafu pitisha kamba za urefu kutoka kitakizo hadi kitakizo, juu ya moja na chini ya inayofuata, zikirudi kwa juu tu na bila kuzunguka chini. Kadiri unavyosonga kazi itakuwa ngumu, na safu mbili za mwisho zitahitaji kijiti chembamba kilichochongoka ili kuinua kamba. Mita 100 hivi zinatosha kwa nafasi hiyo. Ukitaka msuko uliobana kabisa bila mwanya, andaa mara nne yake, na siku tatu za ziada.

Ncha ya mwisho usiikate fupi. Iache mita 2, uizungushe kwenye taruma kwa chini mahali pasipoonekana, na uifunge kwa fundo linalofunguka, kwa sababu utaihitaji.

Kumalizia

Vanishi nene inayong'aa huficha mbao nzuri na hubabuka kwa jua la dirishani. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yakipakwa kwa kitambaa mara tatu na kufutwa kila baada ya dakika ishirini, huacha uso mtulivu ambao mwenye nyumba anaweza kuupaka upya mwenyewe. Paka kabla ya kuwamba, na uanike vitambaa vilivyotumika vikiwa vimetandazwa, maana vikikunjwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe. Kuna watakaokushauri mafuta ya maganda ya korosho, ambayo kweli hufukuza wadudu. Huunguza ngozi, hivyo yasiguse mahali popote panapoguswa na mtu. Tone moja chini ya mguu wa benchi, kwa ajili ya mchwa, si baya likikauka kabisa. Sifa, yale mafuta ya papa yenye shombo wanayopakia majahazi, yaache majahazini.

Mto ukihitajika, usizidi unene wa sentimita 5 na uwe wa kitambaa cha pamba cha rangi moja. Kanga ni nzuri, lakini ina maua yake, pindo lake na maneno yake, na msuko ulioutolea jasho hautasikika mbele yake.

Kabidhi benchi, kisha weka tarehe mbili kwenye daftari lako. Ya kwanza ni baada ya miezi miwili ya kukaliwa: nenda na kile kijiti kilichochongoka, fungua fundo la chini, kaza kamba zote kuanzia upande wa mbali hadi ufikie ncha, uifunge tena. Ya pili ni mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Geuza benchi juu chini, tazama kama kuna mwanya kati ya mfumbati na mguu, na papasa vile vigingi vinane. Kimoja kikiwa kimechomoza kwa unene wa ukucha, mbao zimesinyaa kidogo na kiungo kimebaki imara. Kikate tena sawasawa, paka mafuta mahali hapo, na urudishe benchi ukutani.